Piano Iliyopakwa Alizeti

Jumatatu, 7 Julai

Baridi ya kukata masikio. Nimeamka kabla ya wifi, nikawasha moto, nikakaa mezani kupiga skeli, yale mazoezi ya kupanda na kushuka, juu ya ubao. Kushoto kwanza, maana mkono huo ndio uliowahi kuzeeka. Vidole vinajua njia hata pasipo sauti. Yasinta akaingia na chai, akaitua pale pale mkono wa kulia ulipokuwa unashuka. Hufanya hivyo kila asubuhi tangu nifike. Mke wa kaka yangu huyu bado hajaona sababu ya mtu mzima kupigapiga meza.

Piano iko chumba cha pili. Mlango una kufuli, ufunguo anao kaka, Desderi, na Desderi yuko Kabwe, ziwani, kufuata samaki. Nimechungulia dirishani kama mwizi. Mablanketi na kamba tu. Ilinitangulia kuja, kwa meli na kwa lori, wakati mimi namalizia maonyesho ya mwisho Ulaya. Sasa nimestaafu. Nimechoka na hoteli, nimechoka kula peke yangu baada ya makofi. Jumapili ya tarehe 20, baada ya misa ya pili, napiga ukumbi wa parokia. Mara ya kwanza nyumbani. Kaka yangu hajawahi kunisikia nikipiga piano, ila kwenye simu, na simu yake inakoroma.

Jumanne, 8 Julai

Desderi karudi. Ananuka migebuka na moshi. Alinikumbatia mpaka mgongo ukalia. Amekonda, nywele zote nyeupe, lakini cheko ni lile lile la utotoni, linaanza kabla hajamaliza kusema.

Hatukula kwanza. Akafungua kufuli, akavua kofia, akaanza kufungua kamba moja moja. Nikamwacha. Alikuwa anangoja siku hii tangu lori lilipofika.

Nikafunua kifuniko cha juu. Harufu ikanijia. Alizeti.

Amepaka kila kitu. Nyuzi zote, vyuma vyote, na zile pini zinazokaza nyuzi, kila moja na tone lake. Kwa unyoya wa kuku, asiache kona. Alinieleza kwa fahari. Mvua za masika zilikuwa nyingi, akaogopa kutu. Jembe linapakwa mafuta, plau inapakwa, baiskeli inapakwa. Iweje chombo cha dada yake kikae kikavu? Na si mafuta ya dukani, alizeti yake mwenyewe, iliyokamuliwa mjini, ya kwanza kabisa kutoka mashineni.

Nikamwambia asante kaka. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Usiku huu silali. Pini hushika kwa sababu zimebanwa kwenye mbao kavu. Mbao ikinywa mafuta, pini inateleza, uzi unalegea, sauti inaanguka. Nimejaribu noti moja ya katikati. Nikaikaza. Kabla sijaweka spana chini ilikuwa imeshuka tena. Ee Mungu wangu, Desderi!

Jumatano, 9 Julai

Nimempigia fundi niliyemwamini zamani, mzee wa Dar. Alicheka, akanyamaza, akacheka tena. Kisha akawa daktari. Nisimwage spiriti wala kitu chochote cha maji. Unga wa chaki unywe mafuta. Halafu, kila pini inayoteleza niichomoe, niizungushie kipande chembamba cha msasa laini, niirudishe. Moja moja. Akasema si kazi ya mpiga piano. Nikamwambia si kazi ya mtu yeyote.

Ningeweza kuahirisha. Ningeweza kupiga kile kinanda cha umeme cha kwaya. Lakini watu wangeuliza kwa nini, na jibu lingemfikia Desderi kabla ya jioni. Hapa kijijini Kasense hakuna siri. Mwaka juzi mahindi yake yaliingiwa na fukusi kwa sababu alifunga magunia mapema, na mpaka leo hajisamehe, na yale yalikuwa mahindi tu. Hii akijua, ataibeba mpaka kaburini.

Sitakubali. Huyu ndiye aliyenifanya mpiga piano.

Niandike, maana huko Ulaya sijawahi kumweleza mtu vizuri. Walikuwa wananiuliza kwenye mahojiano nilianzia wapi, najibu kanisani, wanaandika kanisani, yamekwisha. Kinanda cha kanisa kilikuwa cha kukanyaga, upepo unatoka miguuni. Mimi miguu haikufika. Nilikuwa mdogo hata benchi nilipandishwa. Basi Desderi aliingia chini, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akasukuma pedali kwa mikono yake miwili wakati mimi napiga. Kila siku baada ya shule. Wenzake wako mpirani. Alikuwa hanioni, ananisikia pumzi tu. Nikivuta pumzi anajua wimbo unaanza, anasukuma. Masista waliponipeleka shule ya bweni, na shule ikanipeleka nje, yeye alibaki na magoti yenye sugu. Anayo mpaka leo.

Kwa hiyo piano itapigwa, na hatajua. Basi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimedanganya. Nimemwambia Desderi kwamba kwa wapiga piano kuna mwiko. Kabla ya onyesho kubwa, mpigaji hukaa peke yake na chombo chake, mlango umefungwa, na hakuna anayeingia.

Nilidhani atashangaa. Wapi! Akatikisa kichwa kama mtu aliyekumbushwa jambo analolijua. Akasema ni kama wale wazee waliokuwa wanayeyusha chuma kwenye tanuru ndefu za udongo huko porini. Siku za kuyeyusha hakuingia mtu, hata mke hakusogea, mtu akikosea chuma kinakataa kutoka. Babu yetu mwenyewe alikuwa mmoja wao. Basi, akasema, damu hiyo. Akatoka nje, akachukua kigoda, akakaa mlangoni kulinda.

Sasa niko ndani na msasa sina. Duka la vifaa liko mjini. Mlinzi wangu hatoki mlangoni, na kila anayepita anapigiwa ukelele asikohoe. Nimejifungia mwenyewe kama kuku kwenye tenga.

Jumapili, 13 Julai

Yasinta anajua. Jana aliingia na sahani ya chakula (mpishi ameruhusiwa, Desderi ameamua hivyo), akanikuta nimeinamia ndani ya piano, uso una chaki. Akatazama. Akanusa. Akaketi chini polepole, akafunika mdomo kwa kanga, mabega yakitikisika. Alicheka mpaka machozi. Kumbe alimwambia mumewe! Alimwambia usipake kitu usichokijua, akajibiwa mwanamke hajui vyuma.

Akasema angeweza kumtania kwa hili mpaka wote wafe. Nikamshika mikono, nikamwomba. Akafuta machozi kwa kanga. Kisha akasema, wifi, huyu mtu alikuwa anaingia humu kila Jumamosi kuifuta vumbi, anaisalimia shikamoo. Nani atamwambia? Si mimi.

Leo baada ya misa akapita mjini. Chakula cha mchana: ugali wa ulezi, migebuka miwili, na chini ya migebuka, ndani ya mfuko wa nailoni, msasa. Unanuka samaki. Sijawahi kupewa zawadi nzuri kuliko hii, na nimepewa maua mengi sana.

Jumanne, 15 Julai

Nachomoa, nazungushia, narudisha. Vidole vimechubuka. Kucha mbili zimekatika. Sauti nene za kushoto zimeshika vizuri, Mungu ni mwema. Za katikati zinashika nusu. Za juu kabisa ni wahuni. Nikizikaza asubuhi, mchana zimeshalegea.

Mwalimu Kolumba wa kwaya alikuja. Kijana mzuri, anajua muziki, na hapo ndipo penye hatari. Nilimsikia kupitia mlango. Anataka kuona piano. Desderi akamwambia hapana, mwiko. Kolumba akasema hajawahi kusikia mwiko huo. Desderi akamjibu kwa upole kwamba hajausikia kwa sababu yeye anapiga vinanda vya betri. Nilijiziba mdomo kwa mto.

Halafu nikasikia lile nililoliogopa. Desderi akaanza kumsimulia alivyoitunza. Blanketi, kamba, alizeti. Kolumba akauliza, alizeti, wapi hasa? Kwenye nyuzi? Nikajua mambo yameharibika. Nikakaa kwenye kiti, nikapiga kwa nguvu zote kipande cha haraka, vidole vikiwa vinatoka damu, ili tu asiendelee. Nyuzi za juu zinalia kama paka. Wakanyamaza wote wawili nje. Kisha Desderi akasema, unasikia? Ndiyo kazi ya mafuta hiyo!

Nilicheka, nikalia. Vyote pamoja.

Alhamisi, 17 Julai

Nimemfuata Kolumba shuleni. Nilimwambia Desderi mwiko unaruhusu kutembea. Kijana alinisalimia shikamoo, kisha akasema hata kabla sijaketi, mama, zile nyuzi zimeharibiwa. Nikasema najua. Akasema watu watasema hujui kupiga. Nikasema na waseme.

Hilo lilinitoka bila kufikiri. Nimekaa nalo kutwa nzima. Maisha yangu yote nimeogopa jambo moja, kupiga vibaya mbele za watu. Nimekosa harusi, nimekosa mazishi ya mama, kwa kuogopa hilo. Na sasa nasema na waseme! Nina hasira kidogo na mwanamke yule wa zamani. Angejua mapema.

Kolumba ameapa kunyamaza. Amesema atakuja Jumapili asubuhi sana kunisaidia kukaza za juu mara ya mwisho. Nimemkopesha kitabu cha mazoezi. Hongo tupu, lakini alifurahi.

Nimebadilisha programu. Ile sonata kubwa yenye mbio za mkono wa kulia nimeiacha. Nitapiga vya polepole, vinavyokaa katikati na kushoto. Za juu nitazigusa kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala.

Jumamosi, 19 Julai

Tumehamisha piano. Masanja, jirani yetu Msukuma mwenye ng'ombe, kaleta mkokoteni wake. Wanaume kumi na kelele za ishirini. Desderi alitembea mbele akiondoa mawe njiani kwa mguu. Masanja aliwaambia ng'ombe wake wabebe kwa adabu, hili ni jeneza la tajiri wa Kifipa. Desderi akamjibu kwamba Msukuma hata muziki anauswaga kwa fimbo. Walitukanana kwa mapenzi kutoka Kasense mpaka parokiani. Mimi nilifuata nyuma nikihesabu kila shimo la barabara.

Imefika. Imepoteza sauti, kama nilivyotarajia. Nimeikaza upya, mlango umefungwa. Mlinzi yuko nje na kigoda chake.

Alipokuja kunichukua twende nyumbani aliuliza kitu kimoja tu. Mafuta yalitosha?

Nikasema yalitosha, kaka.

Jumapili, 20 Julai

Naandika nikiwa bado na gauni. Yasinta ananiita kula, nimemwambia aningoje kidogo.

Ukumbi ulijaa. Watu wa misa zote mbili, wengine na watoto migongoni, wengine na mabegi ya soko. Desderi kiti cha mbele, suti ya harusi yake, inamning'inia. Kolumba alifanya alichoweza alfajiri. Nilipokaa nikajua za juu hazitavuka saa nzima.

Kipande cha kwanza kikaenda. Nikamaliza. Makofi hakuna. Kisha mama mmoja nyuma akauliza, si kwa ubaya, kwani wimbo wenyewe unaanza saa ngapi? Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka. Nikawaeleza kwamba hapa hakuna anayeimba, vidole ndivyo vinavyosema. Mzee mmoja akaitikia haya, viseme.

Kipande cha pili, katikati, pedali ya kulia ikafa. Nikakanyaga, tupu. Pedali hiyo ndiyo inayoziacha sauti ziendelee baada ya kidole kuondoka. Bila hiyo kipande cha polepole kinakuwa mifupa tu. Nikasimamisha. Nikainama, nikatoa ubao wa chini. Kijiti cha mbao kinachosukuma kwenda juu kilikuwa kimeanguka, na chuma cha kukishikilia kimepinda. Yale mashimo ya barabara. Hakirudi bila koleo na muda.

Sijawahi kusimama katikati ya kipande. Nikafikiri, basi, sasa wataanza kuulizana, na Kolumba atajaribu kuelewesha, na neno alizeti litasemwa mbele ya watu wote.

Nikasikia kiti kinasukumwa. Desderi alikuwa ameshasimama. Hakuniuliza kitu. Alitazama kile kijiti, akatazama miguu yangu, akavua koti, akampa Yasinta. Akapiga magoti. Magoti yalilia, mimi niliyasikia. Akaingia chini pale, akashika kijiti kwa mikono miwili, akakisimamisha mahali pake. Akasema kwa Kifipa, haya, vuta pumzi.

Nikavuta. Akasukuma. Sauti zikafunguka zote.

Sikumweleza lini ainue na lini ashushe. Nilivuta pumzi mahali pa kuinua, nikaiachia mahali pa kushusha. Mwanzoni alichelewa mara chache. Halafu hakuchelewa. Nilipiga programu yote hivyo, na kichwa chake cheupe karibu na goti langu. Za juu ziliteleza kama nilivyojua. Noti kadhaa zilikuwa mbaya, mbaya kweli. Nilizipiga tu. Nimepiga kwenye kumbi ambazo watu wanavaa almasi na sijawahi kupiga hivi. Nilikuwa na furaha. Naandika neno hilo lilivyo, sina lingine.

Walipoanza kupiga makofi alikuwa bado chini. Alishindwa kuinuka. Masanja na Kolumba wakamshika kwapani, wakamwinua, na akina mama wakapiga vigelegele, wakaja mbele kumtunza. Yeye, si mimi. Kitenge mabegani mwake, kingine juu yake, mpaka akawa kama mwali. Yasinta alikuwa analia huku anamwambia funga vifungo vya shati.

Njiani kurudi aliniegemea bega kwa sababu ya magoti. Kisha akasema, kumbe ni kazi ile ile.

Jumatatu, 21 Julai

Baridi imepungua. Nimelala mpaka jua likaingia. Skeli sijapiga. Yasinta ameleta chai, akaona meza iko wazi, akakosa pa kuiweka.

Piano imerudi chumba cha pili. Masanja aliileta mapema, bila kelele safari hii. Nikasikia mtu ndani, nikaenda. Desderi ameketi sakafuni, magoti yamefungwa kitambaa cha maji moto, ubao wa chini ameutoa. Chuma kilichopinda ameshakinyoosha. Pembeni yake kopo la alizeti na unyoya wa kuku.

Akanitazama. Akasema safari ya jana imeitikisa sana, afadhali aipake tena yote, juu na chini, nisije nikapata shida.

Nilikuwa na neno mdomoni. Nimekuwa nalo tangu siku ile ya harufu. Nikamtazama yale magoti.

Nikakaa sakafuni karibu naye, nikachukua unyoya, nikachovya. Nikapaka bawaba ya pedali, pale inapolia. Nikamrudishia. Nikamwambia, kaka, huku chini ni kwako. Paka unavyotaka. Huko juu niachie mimi.

Akafikiri kidogo. Akasema ni haki, ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.

Akapaka pedali zote tatu, polepole, hata ile ambayo situmii. Mimi nikaegemea ukuta nikamwangalia. Chai ikapoa.